Tuanze na Magadi

Pale Oldupai, ukingoni mwa korongo, kuna banda ambamo wageni huketishwa wasikilize maelezo. Mbele yao ardhi imepasuka na kushuka, kina chake hufika kama mita 90, na chini umesimama ule mnara wa udongo mwekundu usiokosekana katika picha za mahali hapo. Mwongoza wageni hutaja mwaka 1959, humtaja mtafiti Mary Leakey, hulitaja fuvu la kale aliloligundua hapo. Maswali humiminika. Lilikuwa la mwanamume? Alikula nini? Mbona meno makubwa hivyo? Kisha watu husimama kupiga picha, korongo likiwa mgongoni kwao.

Ni nadra mtu kuuliza habari za ukuta wenyewe. Simlaumu mgeni. Fuvu lina matundu ya macho na lina taya. Anayelitazama huona ndugu wa mbali. Jiwe halifanani na mtu wa ukoo wowote. Lakini fuvu lile halikuokotwa na tarehe yake. Louis Leakey, mume wa Mary, alilikisia miaka kama laki sita. Umri wake ulikuja kujulikana kwa sababu ya majivu ya volkano yaliyolala katika matabaka yale yale ambayo wageni huyapa kisogo.

Ndani ya majivu hayo mna madini yenye potasiamu, na sehemu ndogo sana ya potasiamu hugeuka polepole kuwa gesi ya argoni. Mwamba ukiwa bado uji wa moto, gesi hutoroka. Ukishapoa, gesi inayozaliwa humo hunaswa, kama mvuke ndani ya chungu kilichofunikwa. Anayejua kasi ya mgeuko huo, akipima argoni iliyonaswa, atajua chungu kilifunikwa lini. Mwaka 1961 wanasayansi Jack Evernden na Garniss Curtis walitangaza, pamoja na Louis Leakey, umri walioupata kwa njia hiyo: miaka milioni 1.75. Karibu mara tatu ya makisio ya awali. Fuvu lenyewe siku hizi linatunzwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Majivu yamebaki korongoni, hayana kabati wala mlinzi, na yeyote anaweza kuyatazama akipenda.

Nimekuwa nikijiuliza kwa nini mgeni hapendi. Jibu langu ni kwamba tumezoea kumwonyesha jiwe mtu ambaye hatukumuuliza kwanza anayajua mawe gani.

Chukua kabati la kawaida la miamba, liwe la makumbusho au la chuo. Jiwe la ukubwa wa ngumi limewekwa juu ya kitambaa, na mbele yake kadi ndogo iliyochapwa: naisi, Dodoma. Au: basalti, Arusha. Basi. Watoto wa shule hupita kwa mstari na sare zao, wananakili neno naisi kwenye daftari, wanasogea kwenye kabati linalofuata. Wakitoka nje huketi kula maandazi juu ya jiwe la aina ile ile chini ya mti, na hakuna anayewaambia. Kadi imewapa jina, na jina bila swali halikai kichwani hata mpaka basi la kurudi. Mtoto angekumbuka zaidi kama angeulizwa: kwa nini jiwe hili lina mistari iliyopindapinda? Nini kilikuwa na nguvu za kukunja jiwe?

Wala si kweli kwamba watu wetu hawajali mawe. Juni 2020 Saniniu Laizer, mchimbaji wa Mirerani, aliiuzia Serikali mawe mawili ya tanzanaiti, kubwa likizidi kilo 9, akalipwa zaidi ya shilingi bilioni 7. Nchi nzima ilizungumza mawe. Vijiweni, kwenye daladala, misibani. Watu walijua uzito, walijua bei, walijua hata idadi ya wake wa mzee. Ila sikumbuki kusikia popote swali ambalo mjiolojia angelipenda kuliko yote: kwa nini Mirerani peke yake? Kwa nini kipande kidogo hicho cha ardhi chini ya Kilimanjaro, wakati dunia ni pana hivi? Jibu lina msisimko kuliko hundi. Inakadiriwa kuwa miaka milioni 585 iliyopita, mabara yalipokuwa yakisukumana, miamba ya hapo ilikandamizwa na kupikwa chini sana ya ardhi, na vanadiamu kidogo iliyokuwamo ndiyo iliyolipa jiwe ubuluu wake. Wanaapolo wanaoshuka mashimoni hawana haja ya kufundishwa umuhimu wa kusoma mwamba. Wao huufuata mwamba mweusi wenye grafiti kwa sababu wanajua kitu chao hukaa jirani nao. Huo ni ujuzi wa jiolojia, hata kama haukutolewa cheti. Onyesho la tanzanaiti linaloweka jiwe lililosuguliwa juu ya mahameli na kuuacha nje ule mwamba mweusi limemwibia mtazamaji nusu ya hadithi, tena ile nusu nzuri.

Mimi ningeanza mbali kabisa na vito. Ningeanza jikoni, na magadi.

Aliyepika maharage makavu au kisamvu anayajua. Kipande kidogo hulainisha, kikizidi chakula hugeuka ladha ya sabuni na lawama zikaanza. Wavutaji wa ugoro nao wanayajua kwa upande wao. Muuzaji sokoni huyaweka kwenye mafungu, meupe yaliyochanganyika na rangi ya udongo, na ukimuuliza yanatoka wapi atakuambia kwenye maziwa ya chumvi huko kaskazini. Yuko sahihi. Ziwa Natron upande wa Tanzania na Ziwa Magadi upande wa Kenya yamo ndani ya Bonde la Ufa, hayana mto wa kutokea, jua huyakausha, na kilichoyeyuka kutoka kwenye miamba ya volkano hubaki kama gamba. Ziwa Magadi limekuwa na kampuni ya kuchimba magadi tangu 1911.

Sasa mtoe mtu huyo sokoni, umpeleke kusini kidogo mwa Ziwa Natron, mbele ya Oldonyo Lengai. Volkano nyingine za dunia hutapika lava yenye silika, yenye joto la nyuzi elfu moja na zaidi, nyekundu, inayotisha. Lengai hutoa lava ya nyuzi kama 500 na kitu tu. Mchana huonekana nyeusi na nyepesi hata hutiririka mithili ya maji ya matope. Ikishatulia na kupata unyevu wa hewa, ndani ya siku chache huwa nyeupe. Sababu ni kwamba imeundwa kwa sehemu kubwa na kaboneti ya sodiamu: jamii ya vitu vile vile alivyokuwa akivitia kwenye chungu cha maharage. Hakuna volkano nyingine hai duniani inayotoa lava ya aina hiyo. Mlima huu ulipandwa na mwanajiolojia J. B. Dawson mwaka 1960, akaikuta lava hiyo kwenye kreta, na wataalamu waliokuwa wakibishana kama mwamba wa kaboneti unaweza kweli kutoka tumboni mwa dunia ukiwa uji walilazimika kunyamaza. Madini mawili makuu ya lava hiyo yana majina. Moja huitwa gregoriaiti, kwa heshima ya John Walter Gregory, Mwingereza aliyelichunguza Bonde la Ufa mwishoni mwa karne ya 19. La pili huitwa nyerereaiti. Ndiyo, kwa heshima ya Mwalimu Julius Nyerere. Watanzania wangapi wanajua kwamba jina la Baba wa Taifa limo katika orodha ya madini ya dunia, na kwamba madini hayo hutoka kwenye mlima wao wenyewe? Tumeandika jina lake kwenye madaraja, viwanja vya ndege na shule. Hili la mlimani tumewaachia wageni walijue.

Njia hii ya kuanza na kilicho mkononi si uvumbuzi wangu. Mwaka 1868 huko Norwich, Uingereza, mwanasayansi Thomas Henry Huxley alisimama mbele ya wafanyakazi wa mji ule, watu wa mikono, akawapa mhadhara juu ya kipande cha chaki, kitu ambacho seremala huwa nacho mfukoni. Kutoka kwenye chaki hiyo aliwashusha hadi chini ya mji wao, ambako chaki imelala kwa unene wa mamia ya futi, akawaonyesha kwamba ni magamba ya viumbe wadogo wa baharini waliokufa na kutua chini kwa muda usiohesabika. Hakuwaletea kabati. Aliwaambia wanachokanyaga ni nini. Mhadhara ule unasomwa mpaka leo.

Ukanda wetu wa pwani una chaki yake. Ngome ya Yesu pale Mombasa, iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593, imesimama juu ya mwamba wa matumbawe na sehemu yake imechongwa humo humo. Kuta za Kilwa Kisiwani, za Mji Mkongwe Unguja, za Lamu, ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, na chokaa yenyewe ni matumbawe yaliyochomwa. Wajenzi wa zamani walikuwa na elimu yao: jiwe la ukutani lilichimbwa kwenye mwamba mkavu wa nchi kavu, lakini la kuchongea nakshi za mihrabu na miimo ya milango lilikatwa baharini likiwa bado bichi, kwa kuwa likitoka majini huwa laini na likikauka hukaza. Mwongoza wageni atakuambia habari za masultani, za mizinga, za Wareno na Waomani. Yote ni kweli na yote yanastahili kusemwa. Lakini hakuna anayemwambia mgeni asogeze uso mpaka karibu na ukuta, mahali plasta ilipobanduka, aone vitundu vidogo vilivyopangana ambamo wanyama waliishi. Hakuna anayemwambia kwamba mwamba ule wa Mombasa ulikua chini ya maji, na kwamba sehemu yake kubwa ni ya wakati, yapata miaka 125,000 iliyopita, bahari ilipokuwa mita kadhaa juu ya ilipo leo. Mwenye nyumba ufukweni angelisikiliza hilo kwa makini. Ubao mmoja tu, maneno hamsini ya Kiswahili fasaha, ukutani. Gharama yake haifikii hata bei ya mzinga mmoja wa sanamu.

Muda ndio mtihani wenyewe. Mtu aweza kushika jiwe, kulipima na kulivunja. Miaka milioni haishikiki. Tukisema milioni 3 au milioni 300, sikioni mwa msikilizaji ni kitu kimoja: zamani sana. Na hapa kuna jambo ambalo waongoza wageni wanalijua kuliko maprofesa, kwamba baadhi ya wanaosikiliza wamelelewa na hesabu nyingine ya umri wa dunia na hawakuja makumbusho kugombana na imani yao. Nimewasikia waongozaji wakilipita jambo hili kwa adabu nzuri: hawalazimishi hesabu, wanaonyesha ilivyofanywa. Haya hapa majivu, hivi ndivyo yanavyopimwa, haya ndiyo yaliyopatikana. Aliyeonyeshwa njia ana uhuru wa kuitembea baadaye akiwa peke yake.

Huko Marekani, kwenye ukingo wa kusini wa Grand Canyon, mwaka 2010 walifungua njia ya miguu ambayo kwangu ndiyo onyesho bora kabisa la muda nililowahi kusoma habari zake. Kila mita moja ya njia ni miaka milioni moja, na kila mita ina alama ya shaba ardhini. Kandokando wameweka mawe yaliyoletwa kutoka chini ya bonde, kila moja mahali pa umri wake, na mpita njia anaruhusiwa kuyagusa. Kabla ya hapo kuna kipande cha kuzoesha miguu, ambapo hatua huanza kwa mwaka mmoja mmoja, umri wa mtoto, umri wa bibi, kisha hukua mpaka kufikia milioni. Jiwe la kale kuliko yote ya bonde lile liko kwenye mita ya 1,840. Mtu hufika pale akiwa ametoka jasho, na jasho humweleza kitu ambacho tarakimu haziwezi.

Njia hiyo ingejengwa huku kwetu ingekuwa na mawe ya kupendeza zaidi. Matumbawe ya Mombasa yangekaa sentimita 12 tu kutoka kwenye mstari wa kuanzia. Zinj, yule mwenye fuvu la Oldupai, asingefika mita mbili. Mwanzo wa Kilimanjaro, zile volkano zake za kwanza kabisa, kama mita mbili na nusu. Nyayo za watu wa kale kule Laetoli, mita 3 na sentimita 66. Hebu tusimame hapo kidogo, kwa sababu mpangilio huo una jambo la ajabu: wale watu wa Laetoli walikuwapo kabla ya Kilimanjaro. Hawakukiona kilele chake cha Kibo, kwani hakikuwapo. Kreta ya Ngorongoro nayo ilikuwa haijatokea. Kila picha ya kalenda inayowachora watu hao wakiwa na Kilimanjaro yenye theluji nyuma yao imekosea kwa zaidi ya miaka milioni moja. Tuendelee kutembea. Mijusi wakubwa wa kale, yaani dinosaria, wa Tendaguru kule Lindi, mita 150. Tanzanaiti, mita 585. Kisha ni kutembea tu, kutembea, hakuna mnyama mwenye mfupa, mpaka upite kilomita mbili na nusu ndipo uyakute mawe ya Mwanza, yale majabali yaliyobebana ziwani na juu ya vilima, ambayo watoto wa Bugando na Capri Point huyapanda wakicheza. Mwanzo wa dunia ungekuwa kilomita mbili nyingine mbele yake, mita ya 4,560 hivi. Mji wa Mwanza una kitu cha kale kuliko chochote kilichomo Grand Canyon, na watu wamekiwekea matangazo ya simu.

Laetoli kuna tatizo la aina yake. Onyesho kuu la nchi yetu limezikwa. Liko kama kilomita 45 kusini mwa Oldupai. Mwaka 1976 watafiti waliokuwa wakirushiana kinyesi kikavu cha tembo kwa mzaha, mmoja akiwa Andrew Hill, waligundua alama za wanyama kwenye majivu magumu. Mwaka 1978 zikapatikana nyayo za watu, mstari wa karibu mita 27. Baada ya kuchunguzwa zilifukiwa kwa mchanga na mawe ili zisiharibike. Miti ya migunga ikaota juu yake, mizizi ikatishia kuzipasua, na miaka ya 1990 Idara ya Mambo ya Kale pamoja na taasisi ya Getty ya Marekani walizifukua, wakaitoa mizizi, wakazifukia upya kwa uangalifu zaidi. Anachokiona mgeni makumbusho ni nakala.

Wapo wanaonung'unikia nakala. Mimi sioni ubaya wake, mradi iandikwe wazi kwamba ni nakala na kwa nini ya asili imefukiwa. Sababu yenyewe ni somo la jiolojia, maana mvua na mizizi vinavyotishia nyayo leo ndivyo vinavyomomonyoa korongo na milima yote. Ninachokikosa pale ni jambo jingine. Zile nyayo zilihifadhika kwa bahati ya mfuatano: volkano ilitoa majivu laini, mvua nyepesi ikanyesha, watu na wanyama wakapita wakati tope bado bichi, jua likakausha tope lenye kaboneti likakaza kama saruji, majivu mengine yakafunika. Mvua ile iliacha hata vitundu vya matone yake. Matone ya mvua ya miaka milioni 3.66! Hakuna kabati linaloweza kueleza hilo, ila trei ya majivu na kopo la maji vinaweza. Mtoto anyunyize kwa vidole, akanyage, angoje, atazame. Dakika kumi. Mhudumu mmoja na ndoo. Kenya, pale Olorgesailie kwenye barabara iendayo Magadi, akina Leakey walifanya jambo la ujasiri tangu miaka ya 1940: waliyaacha mashoka ya mawe palepale chini yalipolala kwa mamia, wakajenga daraja la mbao juu yake, na mgeni akapita akitazama chini, kandokando mkiwa na tabaka jeupe lililoachwa na ziwa lililokauka. Hapo jiwe na ardhi yake havikutenganishwa. Ndiyo maana mtu hutoka pale akikumbuka ziwa, wala si mashoka peke yake.

Suala la kugusa nalo lisemwe. Kimondo cha Mbozi, mkoani Songwe, kina uzito unaokadiriwa kuwa tani 16, karibu chote chuma na nikeli kidogo. Wageni walikitangaza duniani mwaka 1930, lakini wenyeji walikuwa wakikijua zamani. Udongo uliokizunguka umechimbwa, kikaachwa kimekaa juu ya nguzo. Hakuna kioo. Watu hukipapasa, hukigonga kwa kiganja, huweka sikio. Wazee kwa vijana, wasomi kwa wasiosoma, wote hufanya vivyo hivyo, na wote huuliza swali moja bila kusukumwa: kilitokaje huko juu? Nimeona watu waliopita makumbusho ya mjini kama wanaotafuta choo, hapa wakasimama nusu saa. Chuma hakidhuriki kwa viganja. Majabali mengi hayadhuriki. Vioo tuviweke kwa mafuvu, karatasi na nguo za watemi. Kuweka granaiti ndani ya kioo ni ubahili usio na sababu.

Tendaguru ndiko kunakoniuma. Kilima hicho kiko Lindi. Kati ya 1909 na 1913 msafara wa makumbusho ya Berlin ulichimba hapo mifupa yenye uzito wa zaidi ya tani 200. Walioichimba na kuibeba walikuwa watu wa kusini, mamia kwa mamia, safari ya siku nne kwa miguu hadi bandari ya Lindi na mizigo kichwani, miaka michache tu baada ya Vita vya Maji Maji kuwaachia njaa na makaburi. Msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani, fundi hodari wa kufukua na kutengeneza mifupa. Kule Berlin mjusi mmoja alisimamishwa mwaka 1937, urefu wake kwenda juu mita 13.27, na watu wa dunia nzima humwinulia shingo. Mwaka 2007 aina moja ya mjusi wa Tendaguru ilipewa jina la Australodocus bohetii, kumkumbuka Boheti, na mwaka 2019 nyingine ikaitwa Wamweracaudia keranjei, kuwakumbuka Wamwera na Mohammadi Keranje, kiongozi wa wachimbaji. Heshima imechelewa, lakini imekuja.

Mjadala wa kurudisha mifupa ni halali na uendelee. Ila naogopa umetufanya tusubiri. Mifupa ilikwenda, matabaka hayakwenda. Pale Tendaguru tabaka zenye mifupa zimepishana na tabaka za mchanga wenye makombe ya baharini, mara nchi kavu, mara bahari, na tena. Maana yake ni kwamba Lindi ilikuwa pwani tangu siku hizo za mijusi. Maji yalikuja na kurudi, na wanyama wale waliishi na kufa karibu na wimbi. Jambo hilo halionekani Berlin, haidhuru mjusi awe mrefu kiasi gani. Linaonekana Lindi tu. Mahali pa kulionyesha hapahitaji jengo la mabilioni kwa kuanzia: picha kubwa ya ukuta kituo cha mabasi, vipande vya mwamba wenye makombe vya kushika, majina ya Boheti na Keranje kwa herufi kubwa, na kijana wa huko aliyefundishwa kueleza. Tangu 2018 eneo la Ngorongoro na Lengai ni Jiopaki ya Dunia ya UNESCO, ya kwanza kusini mwa Sahara. Kaskazini imepata jina. Kusini ina mwamba wa kutosha kudai lake.

Kwa walimu wa Lindi, basi, wakati wizara zinaendelea na vikao vyao: chukueni kamba na futi. Pimeni mita 150 uwanjani, kila mita ikiwa miaka milioni moja. Mwanafunzi mmoja asimame mwanzoni, mwingine mwishoni, na wa tatu aweke unyayo wake mita tatu na nusu hivi kutoka kwa wa kwanza. Kisha muwapeleke wote wakatafute makombe kwenye mawe, na mkifika msisahau kuwatajia Boheti bin Amrani.